Hakimu Wetu Alipoombwa Ufunguo

Nakumbuka Jumamosi moja ya kiangazi, miaka ile ya tisini, kambi ya wakimbizi wa Burundi ya Mtabila ikiwa imejaa watu na soko la Kasulu limejaa mikungu yao ya ndizi. Jana, mwanangu, nilikusikia ukicheka na wenzako habari ya mkubwa fulani aliyekamatwa barabarani amelewa. Sikukukataza kucheka. Mawazo yangu tu yalikuwa yamerudi sokoni, pale nilipokuwa nimekaa na mama yangu nyuma ya maharage yetu, tukiwa watu wawili tusiokuwa na hamu ya kucheka hata kidogo.

Kwanza ujue kwa nini. Baba yangu alikuwa amefariki, na mdogo wake, baba mdogo Filimoni, hakusubiri hata majani yaote kaburini. Alikuja kwetu Titye akasema kwamba mwanamke aliyezaa binti tu ni mgeni kwenye shamba, na mgeni siku yake ya kuondoka hufika. Shamba lenyewe lilikuwa kahawa na migomba, na chini bondeni maharage. Mama alikuwa ameipanda kahawa ile kwa mikono yake, mimi nikiwa mgongoni. Alikataa kuondoka. Filimoni akatupeleka Mahakama ya Mwanzo, akiamini kwamba mjane atatetemeka akiona bendera na meza.

Hakimu aliitwa Kasembe. Alikuwa mtu wa kuja, mtumishi wa serikali aliyetoka mikoa ya kusini, mrefu, mpole wa sauti, mkali wa macho. Alimsikiliza Filimoni, akamsikiliza mama, akatuma watu walione shamba. Kisha akasoma hukumu: mama abaki, alime na avune maisha yake yote, na mtu yeyote asimguse. Siku ile mama alirudi nyumbani akiimba. Toka hapo jina la Kasembe likawa linatajwa katika sala zetu za jioni. Tulimwita hakimu wetu. Neno hilo, "wetu", nitalirudia baadaye.

Basi Jumamosi hiyo, jua limesimama utosini, tukasikia pikapu inakuja kutoka upande wa barabara ya Kibondo, inakwenda kama inayofukuzwa. Watu waliruka huku na huku. Ilipita katikati ya vitumbua na mitumba, ikamgonga mtu aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye mikungu, ikasimama ikiwa imeegemea nguzo ya banda la nyama. Vumbi jekundu likafunika kila kitu. Lilipotulia tuliona ndizi zimetapakaa, na mwenye baiskeli amekaa chini akishika mguu wake. Alikuwa Mrundi wa Mtabila, jina lake Leonidasi. Nilikuwa nikimfahamu kwa sura, kwa sababu kila gulio alipita mbele yetu na kutuamkia kwa adabu.

Mlango wa pikapu ukafunguliwa, akashuka Kasembe.

Mwanangu, kuna mtu anayenuka pombe na kuna mtu ambaye ni pombe yenyewe. Alitoka kwenye harusi Kitanga, tuliambiwa baadaye, na rubisi, ile pombe ya ndizi, ilikuwa imemshika miguu. Alishika mlango ili asianguke. Askari wa barabarani, kijana wa Kisukuma asiyefikisha hata mwaka hapo mjini, akamsogelea.

"Mheshimiwa, naomba ufunguo wa gari."

"Unanijua mimi ni nani?"

"Nakujua, mheshimiwa. Naomba ufunguo."

Mkono aliounyoosha yule askari ulikuwa ukitetemeka, lakini hakuushusha. Kasembe aliutazama kwa muda, kama mtu anayejaribu kusoma maandishi madogo, halafu akampa ufunguo. Wakaondoka pamoja kwa miguu, askari akiwa amemshika mkono hakimu, kuelekea kituoni.

Hapo ndipo soko lilipolipuka. Vigelegele, miluzi, watu wanapiga madebe. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto gerezani alivua khanga akaizungusha hewani. Mama yangu yeye aliangusha kopo la kupimia na kukaa juu ya gunia.

"Skola," aliniambia, "tumekwisha."

Leonidasi naye alikuwa akijaribu kusimama ili aondoke. "Mimi sina shida, jamani," alisema, "nipeni baiskeli yangu niende." Tulijua anachokiogopa: hakuwa na kibali cha kutoka kambini. Mguu wake ulikuwa umepinda mahali ambapo mguu haupindi. Watu wakamchukua kwa nguvu hadi hospitali.

Siku zilizofuata, mji haukuwa na habari nyingine. Wahenga walisema ngoma ikivuma sana hupasuka, na hiyo ilivuma hata vijijini. Watoto walitunga wimbo wa hakimu na chupa. Kwenye vilabu watu wazima walisimama wakiigiza mwendo wake. Wale aliowafunga, ndugu zao walisema sasa lazima wafunguliwe wote. Wengine walisema yule trafiki ametumwa, kwani lini umeona mdogo akimkamata mkubwa bila kutumwa? Wengine wakasema, subirini tu, kunguru hali nyama ya kunguru mwenzake, ataachiwa na huyo Mrundi ndiye atakayeshtakiwa. Hata kanisani, kesho yake Jumapili, mhubiri alisema maneno juu ya wakubwa wanaoanguka, na watu wakageuka kututazama sisi. Walijua hukumu yetu ilitoka kwa nani.

Tulipotoka kanisani, baba mdogo Filimoni alikuwa akitungoja barabarani. Hakuwa na hasira. Alikuwa akitabasamu, na tabasamu lile lilinitia baridi kuliko matusi yake yote.

"Shemeji," alimwambia mama, "hukumu ya mlevi ni ulevi. Nitakuja katikati ya wiki kuchuma kahawa ya kaka yangu. Muwe mmeshafungasha."

Tulipofika nyumbani mama alikwenda shambani akawa anapita kati ya miti ya kahawa, anagusa jani hili na lile, kama mtu anayehesabu watoto wake baada ya mafuriko. Mimi sikuweza kula. Nilikuwa na miaka ishirini hivi, na damu ya umri huo, mwanangu, ikikosa pa kwenda hupanda kichwani.

Nikaanza kufikiri. Kasembe akipatikana na hatia, ataondoka. Akiondoka, hukumu yetu itaondoka naye. Lakini kesi isipokuwa na mlalamikaji itasimamaje? Na mlalamikaji ni nani? Ni mkimbizi asiye na kibali, mwoga, aliyelala hospitali akiomba aruhusiwe kwenda zake. Anahitaji mtu mmoja tu wa kumwambia kwamba askari wa kambi wanamtafuta. Angejiburuta hata kwa magoti akarudi Mtabila, na hakimu wetu angebaki hakimu.

Nilipika ugali na maharage, nikafunga kwenye kitambaa. Lakini kabla ya kwenda hospitali nikapita kwa Mzee Buhanza. Huyu alikuwa mkulima mwenzetu wa Titye, na tena alikuwa mmoja wa washauri wa mahakama, wale wazee wanaokaa pamoja na hakimu kusikiliza kesi. Nilidhani atanipa baraka. Nilidhani yeye pia angependa kumwokoa mwenzake.

Nilimkuta uani kwake akipukuchua mahindi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwana wanje, mwanangu. Chakula cha nani hicho?"

Nikamweleza yote. Nilieleza kwa haraka, nikijiona mwerevu, na yeye hakuacha kupukuchua. Nilipomaliza aliweka gunzi chini.

"Ulipokuja mbele yetu na mama yako," aliuliza, "mlikuwa mkitafuta haki, au mlikuwa mkimtafuta Kasembe?"

"Haki, mzee."

"Na huyo Mrundi, aliyevunjwa mguu, yeye atafute nini?"

Nikakazia macho kile kifurushi cha chakula.

"Filimoni aliwafuata ninyi kwa sababu aliona hamna mtu," akasema. "Mjane na binti. Sasa wewe umetazama mji mzima huu, ukamtafuta asiye na mtu kuliko wewe, unataka kumfuata yeye. Mwanangu, ukifanya hivyo, mimi nitaliita shamba lile la Filimoni, kwa maana tofauti kati yenu sitaiona tena."

Maneno hayo yalinichoma. Nikaanza kulia, nikamwambia kwamba ni rahisi kwake kusema, si yeye atakayelala nje. Hakukasirika. Alinivutia kigoda.

"Nisikilize. Hukumu ya mama yako haikutoka kinywani mwa Kasembe peke yake. Tulikaa watatu: yeye, mimi, na mama mmoja wa Kitanga. Kila mmoja alisema lake, na wote tulisema jambo moja. Mimi siku hiyo sikuwa nimekunywa kitu, wala yule mama, na Kasembe alikuwa mzima kama wewe. Mtu ameanguka. Mahakama haijaanguka."

Halafu akainama, na aliponyanyua tena uso wake niliona kitu ambacho sikutegemea. Mzee yule alikuwa na hofu kama mimi.

"Lakini na sisi tuna letu," alisema polepole. "Tulijua anakunywa. Asubuhi nyingine alikuja akinuka. Tukaambiana, akili yake ni nzuri, anahukumu vizuri, tumwache. Nani amwambie hakimu? Mficha maradhi kifo humuumbua. Leo amevunja mguu wa mtu. Angeweza kuua mtoto." Akakisukuma kile kifurushi changu kunielekea. "Mpelekee mgonjwa chakula. Maneno yaache hapa."

Nikaenda. Leonidasi alikuwa kwenye kitanda cha mwisho wodini, mguu umefungwa kwa mbao na bendeji. Alipoona nani anakuja na chakula aliangalia mlangoni, akifikiri labda nimefuatana na askari. Alikula taratibu. Kisha akaniuliza kwa Kiswahili chake chenye Kirundi ndani yake:

"Dada, wakiniuliza kule mahakamani, nisemeje?"

Hapo, mwanangu, ulimi wangu ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia. Shamba lote lilikuwa juu yake.

"Sema ulichoona," nikamwambia. "Usiongeze, usipunguze."

Katikati ya wiki Filimoni alikuja kweli. Alikuja asubuhi na wanawe na vikapu, na mmoja ana panga. Mama alikuwa amesimama kwenye mti wa kwanza wa kahawa, mikono mitupu. Mimi nilikuwa nyuma yake. Majirani walitokeza, wakasimama mbali, kama watu wanavyosimama wasipojua upande gani utashinda.

Mzee Buhanza alifika akihema, ameongozana na mwenyekiti wa kitongoji. Hakupaza sauti.

"Filimoni, kama hukumu ilikuwa mbaya, njia ya rufaa iko wazi. Nenda Mahakama ya Wilaya useme. Mimi mwenyewe nitakuja kujibu nilichokisema. Lakini ukichuma buni moja leo, huo ni wizi, na mwenyekiti huyu ni shahidi."

"Hukumu ya mlevi!" Filimoni akapiga kelele, akiwageukia majirani ili wacheke.

Hakuna aliyecheka. Kwenye klabu walikuwa wamecheka sana, lakini pale, mbele ya mama aliyesimama mbele ya kahawa yake, kicheko hakikupatikana. Mwanawe mwenye panga aliishusha akaiweka nyuma ya paja, akaangalia chini. Wakaondoka na vikapu vyao. Filimoni aliapa atakata rufaa, na kweli alikata. Kwa hiyo hofu yetu haikuisha siku ile. Ilibadilika tu umbo, ikawa ile hofu ya kusubiri, inayoamka kabla yako kila asubuhi.

Kesi ya Kasembe ilisikilizwa wakati ule wa kusubiri. Ili watu wasiseme amehukumiwa na mwenzake wa karibu, aliletwa hakimu kutoka Kibondo. Mji mzima ulihamia mahakamani. Waliokosa nafasi ndani walipanda kwenye ukingo wa madirisha. Watu walikuwa wameshaamua: ataachiwa. Walikuja kushuhudia aibu ya serikali ili wapate la kusema mwaka mzima.

Leonidasi aliingia na mkongojo. Kasembe aliingia amevaa shati jeupe, amekonda. Aliposomewa shtaka, alimtazama Leonidasi, kisha hakimu wa Kibondo.

"Ni kweli," akasema Kasembe. "Nilikuwa nimelewa. Na huyu ndugu alikuwa upande wake wa barabara."

Nakwambia, mwanangu, kile kishindo tulichokuwa tumekingoja hakikuja. Watu walitazamana. Ni vigumu kumzomea mtu aliyekwishajisema mwenyewe. Alitozwa faini, akaamriwa amtibu na kumlipa aliyemgonga, akanyang'anywa leseni. Baadaye tulisikia ameachishwa kazi. Wapo waliosema adhabu ni ndogo, kwamba mlevi maskini angefungwa, na huenda walisema kweli. Wapo waliosema ameonewa. Leonidasi, kibali chake hakikuulizwa siku ile. Hakimu wa Kibondo alisema kesi iliyo mbele yake ni ya gari.

Tulipotoka nje, Kasembe alisimama mbele ya Mzee Buhanza. Nilikuwa karibu, nilisikia.

"Mzee," alisema, "ulijua. Ungeniambia."

"Ilinipasa kukuambia," alijibu Mzee Buhanza.

Mke wa Kasembe alikuwa amesimama peke yake karibu na ukuta, mtandio umevutwa hadi machoni. Wanawake waliokuwa wakimfuata sokoni na kumchagulia nyanya nzuri walimpita kama mti. Nikamwona mama yangu anatoka pembeni yangu. Nikamshika mkono. Filimoni alikuwa pale, anatuangalia, na rufaa ilikuwa bado.

"Mama, usiende. Atasema ulikuwa na siri nao."

"Kama ningekuwa na siri nao ningewafuata gizani," alisema mama, akajinasua.

Akavuka uwanja mbele ya watu wote.

"Mwakeye, Mama Rehema," akamwamkia kwa Kiha, salamu yetu ya asubuhi, akamshika mikono yote miwili. Yule mwanamke hakujua Kiha sawasawa, lakini alielewa. Hakulia. Aliinama tu mpaka paji la uso wake likagusa bega la mama, wakasimama hivyo. Baada ya hapo wanawake wengine wawili wakaja, kisha mmoja zaidi. Wengi hawakuja.

Rufaa ilimalizika mvua zilipokwisha kuanza. Mzee Buhanza alikwenda, na yule mama wa Kitanga alikwenda. Mahakama ya Wilaya ilisema hukumu ilikuwa ya halali, ya watu watatu waliosikiliza pande zote. Ila ilitukata kipande cha bondeni, pale penye maharage, kwa sababu ilionekana baba alikuwa amempa Filimoni akiwa hai na sisi hatukujua. Tuliumia. Lakini kahawa ilibaki, na mama alizeekea humo. Filimoni alikuwa akipita kwenye kipande chake akitusalimu kwa kukohoa, na miaka mingi baadaye alikuja kwenye msiba wa mama akabeba jeneza.

Mwanangu, nilisema nitalirudia lile neno "wetu". Tulipomwita Kasembe hakimu wetu, tulikuwa tumeitundika haki yetu shingoni mwa mtu mmoja, na shingo ya mtu huinama. Usifanye hivyo. Mkubwa akikutendea haki, mshukuru, lakini ujue haki ile si mali yake, na siku akianguka usikimbilie kumficha ili wewe usipate hasara. Anayelipia maficho hayo siku zote ni mnyonge mwingine ambaye hujamtazama usoni. Wala usicheze ngoma juu ya aliyeanguka. Cheka kidogo kama kicheko kimekuzidi, halafu uulize: aliyegongwa yuko wapi, amekula? Na mke wake yuko wapi, nani amemwamkia?

Na kubwa kuliko yote: ukimwona mtu unayempenda, awe hakimu, awe mwalimu, awe mume wako, anaanza kuteleza, mwambie mapema, ukiwa na hofu hivyo hivyo. Yule kijana askari mkono wake ulitetemeka, na bado aliunyoosha. Mzee Buhanza, mtu mwema kuliko wote niliowajua, alikwenda kaburini akiwa na neno moja ambalo hakulisema kwa wakati wake. Lilimuuma. Nililiona likimuuma.

Basi Mungu, ambaye wazee wetu walimwita Imana, akupe moyo wa kuogopa na bado kusema. Akupe mtu wa kukuambia ukweli kabla barabara haijakuambia. Ukisimama mbele ya hakimu ukute haki, na ukiketi wewe kwenye kiti cha kuhukumu, uketi ukiwa mzima. Nenda, mwanangu, na njia zako ziwe nyeupe.